Suruali ya Haika na isale la baba yake

Ijumaa, masika yamekolea.

Leo mvua haikunyesha kwa vipindi kama jana. Imenyesha tu, moja kwa moja, tangu kabla ya chai ya asubuhi, na mlima sijauona wiki hii. Nimekaa pale pale ninapokaa siku zote hizi, kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha la sebuleni, mguu wa kulia juu ya kigoda, ndani ya hogo. Hogo ndilo jina ambalo vijana wameipa plasta ngumu ya hospitali, na wamepatia. Mguu wangu unafanana kabisa na muhogo uliosahauliwa ardhini.

Niliteleza kwenye mfongo. Kwa msomaji asiye wa huku, mfongo ni mfereji ambao wazee wetu walichimba ili kuleta maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba zetu. Nimeuruka mfongo ule tangu nilipoolewa hapa Kibosho. Safari hii haukukubali kurukwa.

Kwa hiyo sitoki. Hata ningekuwa na miguu yote miwili nisingetoka, maana njia ya kuja kwetu imegeuka uji, na bodaboda wa kule barabarani wanaitazama tu na kutikisa kichwa. Jirani ananiletea mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi na jioni. Mtori ni mtamu, lakini nao umeanza kunichosha.

Nimefungwa. Nimeshazoea kulisema neno hilo.

Ila leo nimefungwa mara ya pili, kwa kitu kisichopimwa hospitalini, na hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Nianze na Haika. Haika ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Amepanga chumba Pasua, kule mjini, na kwa misimu kadhaa amekuwa akibeba mizigo ya wageni mlimani. Huko juu kuna mahali ambapo njia inageuka ukuta wa mawe na watu wanatumia mikono, na hapo ndipo alipogundua kwamba wenzake wanaogopa na yeye anafurahi. Tangu hapo akaanza kupanda miamba kwa kamba, siku asizokuwa na mzigo. Kuna mwamba korongoni, juu ya kijiji chetu, karibu na mpaka wa msitu. Vijana wanaufanyia mazoezi.

Sasa kuna watu wanaotaka kuwapeleka wageni kupanda miamba, na wanatafuta mwanamke mmoja wa kuongoza. Kesho Jumamosi wanawajaribu waombaji pale korongoni. Haika ameitwa. Akifaulu, hatabeba tena hema la mtu mwingine kichwani.

Shida ni kwamba wiki mbili zilizopita alianguka.

Hakuanguka hadi chini. Kamba ilimshika, akabembea na kugonga bega na kidevu kwenye jiwe. Mwenzake mmoja alishika kamba chini, mwingine alikuwa anapiga picha za video, na picha hizo zikatembea kwenye simu za ukoo mzima kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Baba yake aliziona akiwa dukani kwake Bomang'ombe, anapouza misumari na mabati. Alimpigia binti yake simu na kumwambia kwamba mambo ya mawe yamekwisha, arudi dukani.

Mimi nilizitazama picha zile mara nyingi. Nilifundisha sayansi kimu shule ya sekondari ya wasichana mpaka nilipostaafu, na wanafunzi wangu wa zamani, ambao ndio wengi wenu mnaosoma hapa, mnakumbuka ugonjwa wangu. Sikuangalia jiwe. Niliangalia nguo.

Alikuwa amevaa jinzi ya kubana. Mikono iko juu, imeshika vizuri. Mguu wa kushoto umesimama imara. Wa kulia unapanda kutafuta mahali pa kukanyaga, palipo usawa wa kiuno chake hivi, unafika karibu, unasimama hewani. Unajaribu tena. Unasimama pale pale. Halafu mkono wa kulia unaachia jiwe na kushuka kuelekea pajani, na hapo hapo anaanguka.

Kila mtu aliona mkono ulioachia. Mimi niliona goti lililozuiwa.

Jinzi ile ililetwa kwangu niitazame. Haikuwa imechanika popote. Ndiyo shida yenyewe. Kitambaa kikaidi kisichochanika na kisichovutika kinamwambia mvaaji, mwisho wako ni hapa. Ukiwa unatembea mjini hukisikii. Ukiwa umening'inia unakisikia.

Basi nikamwambia Haika tutafute suruali. Akacheka, akasema, "Bibi, wewe huwezi hata kufika chooni bila fimbo." Nikamjibu kwamba macho yangu hayajafungwa hogo.

Hivyo jana tulikwenda Memorial, kwenye mitumba, yeye kwa miguu na mimi kwa simu. Niliegemeza simu kwenye birika hapa mezani nikaona soko zima likiyumba.

"Bibi, hii je?"

"Sioni suruali. Naona kidole chako."

Akasogeza. Muuzaji akaingiza uso wake kwenye simu. "Shikamoo bibi. Hii ni mali mpya, haichakai hii, utamrithisha kitukuu."

"Marahaba. Igeuze ndani nje, mwanangu."

"Ndani nje? Bibi, watu wanavaa nje."

"Mimi nasoma ndani."

Nyuma yake nikasikia mtu akisema, "Huyu bibi anakagua suruali kama anakagua mchumba." Nikamwambia mchumba hatamshikilia mtu juu ya jiwe. Wakacheka wote pale, na Haika akaificha simu kifuani kwa aibu, nikabaki naangalia kifungo cha sweta yake.

Niseme nilichokuwa nakitafuta, maana huenda kuna mwingine atakihitaji.

Kwanza nilikataa pamba tupu. Pamba ni rafiki wa ngozi, lakini ikilowa inashika maji kama blanketi, inakuwa nzito na baridi, na huku kwetu mwamba haukauki miezi ya masika. Nilitaka pamba iliyochanganywa na nailoni, yenye kutanuka kidogo unapoivuta kwa upana na kurudi unapoiachia. Nilimwambia Haika aivute mbele ya simu, kisha aisugue kwenye ukuta wa kibanda kwa nguvu. Muuzaji alilalamika. Nikamwambia mwamba hautamwomba ruhusa.

Kiuno nilikitaka kiwe bapa. Mpandaji anavaa mkanda wa kamba unaozunguka kiuno na mapaja, na akiwa na lundo la mikunjo, vifungo vya chuma na mfuko mnene chini ya mkanda huo, vyote vinamchimba nyama. Mguu wa suruali uwe mwembamba kuanzia shavu la mguu kushuka, ili aone anapokanyaga na asijikanyage mwenyewe. Magoti yakatwe kwa kupinda kidogo, kama magoti ya mtu halisi, maana hakuna anayepanda akiwa amenyooka kama ufagio.

Halafu kipimo cha mwisho, ambacho hakina mbadala. Aliivaa juu ya taitsi yake.

"Chuchumaa," nikasema.

Akachuchumaa.

"Simama. Inua goti mpaka kifuani."

"Bibi, watu wananiangalia."

"Waangalie. Inua."

Goti lilipanda. Suruali ilikuwa ya rangi ya majivu, sijui ilivaliwa na nani huko ilikotoka, imepauka kidogo magotini lakini nyuzi zake zimejaa. Ilikuwa na kasoro moja tu, nayo niliiona ilipogeuzwa. Pale msambani, mishono minne ilikutana kwenye nukta moja.

Hapo ndipo suruali zote za namna hii hufa. Mguu ukienda huku na mwingine kule, nguvu yote inaishia kwenye nukta ile, na uzi mmoja ukikubali kushindwa wengine wanaufuata. Dawa yake ni kufumua na kuweka kipande cha umbo la kishada cha kurusha, chenye pembe nne, katikati ya miguu, ili mvuto ugawanyike pande nne na nukta isiwepo. Kipande chenyewe sikuhitaji kukitafuta mbali. Suruali ilikuwa na mfuko mkubwa wa pembeni, wa pajani, ambao kazi yake mwambani ni kunasa tu. Mfuko utoke uende msambani.

Haika aliileta jana hiyo hiyo, akarudi Pasua kabla giza halijaingia. Leo asubuhi nikafumua. Nikakata mfuko. Nikachora kishada kwa chaki. Ilipofika saa za chakula cha mchana suruali ilikuwa mezani, wazi kama samaki aliyepasuliwa, haivaliki.

Hapo mwanangu akaingia.

Naandika pole pole hapa kwa sababu bado sijatulia.

Baba Haika na mimi tulikuwa hatusemezani tangu Krismasi. Ukoo wote ulikuwa nyumbani, kama ilivyo desturi yetu, na mbele ya wote alisema kwamba mimi ndiye ninayemharibu binti yake, na kwamba mwalimu akistaafu aache na kufundisha. Watu walicheka wakidhani ni utani. Mimi niliingia jikoni. Nilipovunjika mguu walikuja wanangu wengine, yeye hakuja. Alituma salamu kwa mdogo wake. Kila gari lililonguruma kule barabarani nililisikiliza mpaka likapita.

Leo halikupita. Pikapu yake ilifika mpaka penye mfongo, ikazama kwenye tope, ikakataa mbele na nyuma. Alitembea kipande kilichobaki bila mwavuli. Alipofika mlangoni alikuwa amelowa mpaka kwenye kope, na mikononi alikuwa ameshika isale.

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaoota mipakani mwa vihamba vyetu na penye makaburi ya wazee. Mtu aliyekosa akitaka kupatanishwa, anachuma isale na kulipeleka kwa aliyemkosea. Na aliyeletewa halikatai. Hakuna sheria iliyoandikwa, na wapo wenzangu wa usharika wanaonung'unika kwamba hayo ni ya kale, lakini wao wenyewe wakiletewa sijaona hata mmoja aliyerudisha mikono nyuma. Ukilipokea, umesamehe. Ukilikataa, ni wewe sasa uliye na kosa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akapiga goti kwenye sakafu, maji yakimtiririka, akalinyoosha kwa mikono miwili kama baba yake alivyomfundisha. "Nimekosa, mama. Nilisema vibaya, halafu nikaona haya kuja."

Nililipokea. Nililipokea haraka sana. Nilikuwa nimengoja, jamani. Nikamshika kichwa kilicholowa, nikamwambia yamekwisha, na furaha ilivyonijaa nikaongeza maneno ambayo hayakuhitajika hata kidogo.

Nilisema, "Leo omba kwangu chochote, nitakupa."

Nilidhani ataomba mtori.

Akainuka, akajifuta uso, akatazama mezani. Aliitazama suruali, na sikuhitaji kumweleza ni ya nani wala ya nini, maana habari za kesho zilikuwa zimeshamfikia.

"Basi naomba usiishone hiyo."

Ndivyo nilivyofungwa mara ya pili.

Wasomaji wangu, mimi napenda kueleza mambo, kwa hiyo nitaeleza mtego huu ulivyo. Isale lilikuwa bado mkononi mwangu. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwangu, mbele ya mwanangu, juu ya isale. Nikilivunja, nimempa tone la maji na kumnyang'anya kikombe, na patano letu halijamaliza hata nusu saa. Nikilishika, Haika atakuja jioni achukue suruali niliyomwahidi, na suruali yenyewe nimeshaipasua. Atabaki na jinzi ile ile. Na namjua mjukuu wangu. Kesho atakwenda, hata kwa jinzi.

Ningemwambia mwanangu haya yote pale pale. Sikusema. Mtu aliyekwisha sema "chochote" hana haki ya kuanza kubishana bei. Nililiweka isale kwenye bilauri ya maji dirishani, nikaiondoa mikono yangu mezani, nikaipakata.

"Sawa," nikasema. "Sishoni."

Alitaka kuondoka, kisha akakumbuka pikapu. Alitoka akajaribu, nikaisikia ikilia kule chini kama ng'ombe anayezaa, akarudi. Naye alikuwa amefungwa. Nilimpa kanga ajitande, nikampa na chai, akavaa suruali aliyokuta chumbani, jinzi yake ya zamani aliyoiacha hapa kabla tumbo lake halijaanza biashara. Tukakaa. Mvua, sisi wawili, na ile suruali katikati yetu.

Alizungumza yeye. Alisema aliitazama video akiwa anampimia mteja bati, na mpaka leo hakumbuki alimpimia kiasi gani. Alisema jiwe lile lilimtupa mtoto wake. Alisema ana binti mmoja.

Nilimsikiliza. Hofu yake ni yangu pia. Mimi nikiwa peke yangu hapa dirishani namwona Haika akianguka kila siku. Sikuwahi kumwambia mtu.

Baadaye nikamwuliza kama anaweza kunifanyia kitu kimoja.

"Kitu gani?"

"Simama. Weka mguu juu ya meza."

"Mezani, mama?"

"Nimeruhusu."

Alinitazama kama mtu anayeangalia homa kwenye paji la uso. Lakini alilelewa vizuri. Alisimama mbele ya meza, akainua mguu wa kulia. Ukafika nusu, ukakwama. Akasukuma. Akainama, akashika kitambaa cha pajani, akakivuta juu, na mguu ukafika mezani kwa shida, kando ya birika.

"Umefanya nini na mkono?" nikamwuliza.

"Nimevuta suruali."

"Kwa nini?"

"Imenibana hapa. Goti halipandi."

Nikanyamaza. Miaka yote ya kufundisha imenionyesha kwamba kuna mahali mwalimu anapaswa kufunga mdomo, na ni pagumu kupafika.

Alibaki amesimama hivyo, mguu juu ya meza ya mama yake, mkono pajani. Nikaona macho yake yakienda kwenye mkono. Kisha akautoa pole pole, na mguu ukashuka wenyewe.

"Na yeye aliachia mkono," akasema.

"Ndiyo."

"Ili avute."

"Mikono yake yote miwili ilikuwa inahitajika kwenye jiwe."

Alikaa. Alinyoosha mkono akaichukua ile ya majivu, akaingiza vidole kwenye mpasuko niliofumua. Akaivuta kwa upana, akaiachia ikarudi. Yeye ni mtu wa duka la vifaa, anajua kitu kinachopinda na kitu kinachokatika. Akakichukua kile kishada cha kitambaa akakilaza juu ya mpasuko, kikakaa sawasawa.

"Kwa hiyo nikikubana kwa neno lako, kesho atapanda na jinzi."

"Mimi sijasema kitu."

"Mama, hata ukinyamaza unafundisha."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka. Aliisukuma suruali upande wangu wa meza.

"Shona," akasema. "Nimekuachia neno lako. Lakini sijakubali aende. Nimekubali suruali tu."

Nilidhani hapo nimefunguliwa. Kumbe kulikuwa na kifungo kingine, na hicho nilikuwa nimekisahau kabisa kwa wasiwasi.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga.

Nilisogezewa kiti, nikaweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio. Mguu mmoja wa bibi haupati mwendo. Gurudumu linaanza kwenda mbele, linasita, linarudi nyuma, na uzi unakatika. Nilitunga tena, ukakatika. Mara ya tatu ukakatika na sindano ikainama. Kitambaa cha namna hii hakishonwi kwa mkono ukamaliza jioni moja, si kwa vidole vyangu vya siku hizi. Nilikaa nikaitazama sindano iliyopinda, nikasikia machozi yanakuja. Nikayachukia.

Kiti cha mwanangu kilisogea.

"Nizungushe kuelekea wapi?"

"Kuja kwako," nikamwambia. "Pole pole. Ukifika kona usimame, mpaka nikuambie."

Akasimama ubavuni mwa cherehani, kanga begani, akashika gurudumu kwa mkono. Mimi nikaongoza kitambaa. Tulianza kama watu wanaovuka mto gizani. Alizungusha kwa nguvu mno, nikamkemea. Akazungusha kwa uoga, nikamkemea tena. "Mama, unashona au unaendesha treni?" akaniuliza. Nikamwambia ashike kazi yake. Upande wa kwanza wa kishada ulitoka umepinda kidogo. Wa pili ulinyooka. Wa tatu sikuhitaji kumwambia asimame, alisimama mwenyewe.

Tulipomaliza mzunguko aliigeuza ndani nje. Sikumfundisha hilo. Akaweka dole gumba kila upande wa mshono, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mstari mmoja unatosha?"

"Desturi ni miwili."

"Weka mitatu."

Tukaweka mitatu.

Haika alifika mwanga ukiwa unapungua, tope mpaka magotini. Alikuwa ameiona pikapu penye mfongo, na baadaye aliniambia jikoni kwamba alisimama pale kwenye mvua muda mrefu, akifikiria kurudi Pasua. Akaingia hata hivyo.

"Shikamoo bibi. Shikamoo baba."

Mimi niliitikia. Baba yake aliitikia akitazama suruali. Akamrushia.

"Kavae."

Alitoka chumbani ameivaa, amekunja mikono kifuani, kama anayesubiri kupigwa. Baba yake akapangusa meza kwa kiganja, akaihamisha birika.

"Weka mguu hapa."

Haika alinitazama. Nikatazama dirishani. Akainua mguu, na mguu ukapanda tu, kama mtu anayepanda kitandani kwake, ukatua mezani, na mikono yake haikutoka kifuani. Baba yake alichuchumaa, akakagua msamba kwa mbali kama fundi anavyokagua kenchi za paa, kwa heshima, kichwa upande. Akauliza kama inavuta popote. Haika akasema hapana. Akauliza tena. Hapana, baba.

Akasimama.

"Shusha mguu, hii ni meza ya kulia chakula."

Haika akashusha. Nadhani wote watatu tulitaka kucheka na hakuna aliyethubutu kuanza.

"Kesho kamba anashika nani?" baba yake akauliza.

"Mwenzangu, baba. Yule aliyenishika siku ile."

"Nitakwenda kumwona anavyosimama."

Hakumbariki, na lile la duka hakulifuta. Haika alisema, "Sawa, baba," akaenda jikoni kupasha mtori, akala bakuli mbili bila kukaa.

Sasa wamelala, Haika chumbani kwangu na baba yake kwenye kochi. Mwanangu amenikunjia blanketi miguuni kabla hajajilaza. Isale liko dirishani kwenye bilauri. Limesimama vizuri, mmea huu haufi haraka.

Ningependa kuandika kwamba nimefunguka. Neno langu nimerudishiwa, mwanangu amerudi, suruali imekamilika, tena ni nzuri, nairudia kwa akili yangu yote na sioni kasoro. Lakini asubuhi hofu yangu ilikuwa na mahali pa kukaa, ilikaa kwenye ile jinzi. Nilijua adui ni nani na nilikuwa na mkasi. Jioni hii nimeziba kila mahali ninapojua kuziba, na mwamba uko pale pale, umelowa. Kama suruali haitamwangusha, kuna jiwe linaloweza kumeguka, kuna mwenzake anayeweza kugeuza kichwa, kuna Haika mwenyewe, ambaye anafurahi pale ambapo wengine wanaogopa. Kwa hayo sina uzi.

Je, nimemshonea ili aweze kupanda, au ili mimi niweze kulala?

Kesho watatoka mapema, wataivuta pikapu kwanza. Mimi nitabaki kwenye kiti hiki, mguu juu ya kigoda, simu nimeiegemeza kwenye birika. Nimemwambia baba yake asinipigie picha za video. Anipigie simu tu, Haika akishashuka, na yeye Haika ndiye aanze kuongea.